Andikeni Kwanza Amri za Kurejesha

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wasimamizi wa mifumo, walimu wa vyuo mnaofundisha kazi hii, na ninyi wahasibu na watunza kumbukumbu mliokubali kuketi nasi ingawa seva si kazi yenu ya kila siku: nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nieleze namna ya kutunza nakala rudufu za seva kwa skripti za mstari wa amri, yaani mafaili yenye orodha ya amri ambazo mashine huzitekeleza moja baada ya nyingine. Nitaeleza, lakini nitaanzia upande ambao wengi wetu huuacha mpaka mwisho, yaani upande wa kurejesha, kwa sababu naamini kwamba skripti ya kwanza anayopaswa kuiandika msimamizi wa seva ni ile inayorudisha data mahali pake, na ile ya kunakili ifuate baadaye.

Niliwahi kufanya kazi katika taasisi moja iliyokuwa na seva ya kumbukumbu za watu waliohudumiwa pale kila siku. Nilirithi skripti fupi ya kunakili hifadhidata, yenye mstari mmoja tu wa maana: amri ya mysqldump ilitoa data, data ikapita kwenye bomba, yaani njia inayopeleka matokeo ya amri moja kwa amri inayofuata, hadi kwa gzip ili ibanwe, na gzip ikaandika faili lenye tarehe ya siku hiyo. Kila usiku faili jipya lilitokea kwenye folda, jina lake sahihi na tarehe yake sahihi, nami kila asubuhi niliyahesabu mafaili hayo kwa macho nikaridhika. Siku diski ya seva ilipokufa, nilifungua faili la usiku uliotangulia nikalikuta tupu. Nikafungua la juzi, nalo vilevile. Nilirudi nyuma wiki baada ya wiki, kila faili likiwa na ukubwa wa baiti 20, hadi nikafika siku ambayo nywila ya hifadhidata ilibadilishwa na mwenzetu mmoja aliyefanya hivyo kwa nia njema ya usalama, bila kujua kwamba nywila ya zamani ilikuwa imeandikwa ndani ya skripti.

Baiti 20 ndicho kiasi ambacho gzip huandika inapopewa utupu iubane: baiti 10 za kichwa, baiti 2 za kusema kwamba hakuna kitu, na baiti 8 za mkia zenye hesabu ya uhakiki na ukubwa. Kwa hiyo gzip ilifanya kazi yake kwa ukamilifu. Kila amri inapomaliza huacha namba, sifuri ikiwa imefaulu na namba nyingine yoyote ikiwa imeshindwa, lakini Bash, yaani programu inayosoma skripti na kuzitekeleza amri zake, isipoambiwa vinginevyo, huchukua namba ya amri ya mwisho kwenye bomba na kuzisahau zilizotangulia. Mysqldump ilishindwa, gzip ikafaulu, skripti ikatangaza ushindi. Data ile tuliipata upya kutoka kwenye madaftari ya karatasi, vijana wanne wakichapa ukurasa baada ya ukurasa kwa wiki nyingi, na yapo mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo hayakurudi. Nawakumbuka vijana wale kila ninapoandika mstari wa kwanza wa skripti yoyote.

Mstari huo ni set -euo pipefail. Herufi e huiambia Bash isimame amri inaposhindwa badala ya kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Herufi u huikataza kutumia jina la kigezo ambacho hakijapewa thamani, na hili ni jambo zito kuliko linavyosikika, kwa maana skripti inayofuta nakala za zamani kwa amri ya rm -rf kwenye folda iliyotajwa kwa kigezo, kigezo hicho kikiwa hakijapewa thamani, inaweza kujikuta inafuta mahali ambapo hakuna aliyekusudia. Nayo pipefail hulifanya bomba zima lihesabiwe kushindwa iwapo kiungo chake chochote kimeshindwa. Ni mstari usiozidi herufi 20, na kama ungekuwa juu ya ile skripti niliyoirithi, ningejua siku ile ile nywila ilipobadilishwa, ilimradi pawepo mtu au mashine ya kupokea taarifa ya kushindwa. Hilo la kupokea taarifa nitalirudia.

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi, na ni neno jema kwa tabia ya kujiwekea. Mkulima wa mahindi, hata hivyo, anajua kwamba dumuzi hula akiba iliyo ndani ya gunia lililoshonwa vizuri, na ndiyo sababu hakai miezi bila kulifungua: huchomeka mkono, hutoa konzi ya punje, huzipuliza, hutazama kama kuna unga unaodondoka. Nakala ya hifadhidata nayo ina dumuzi wake. Nywila hubadilika, diski hujaa, toleo la programu hupanda, jedwali jipya huongezwa ambalo skripti ya zamani haikuambiwa ilichukue, na gunia kwa nje hubaki limesimama vilevile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa kampuni ya GitLab, inayowatunzia waandishi wa programu miradi yao, ambayo ninaiheshimu kwa sababu iliandika kisa chake hadharani bila kuficha. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao alikuwa akihangaika kurekebisha seva ya pili ya hifadhidata iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Aliamua kufuta folda ya data kwenye seva ile ya pili ili aanze kuinakili upya, akaandika amri, kisha baada ya sekunde moja au mbili akagundua kwamba amri hiyo ilikuwa ikitekelezwa kwenye seva kuu. Aliisimamisha mara moja, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki takriban gigabaiti 4.5. Mtu yeyote aliyewahi kufungua madirisha mawili yanayofanana, moja la seva ya kazi na jingine la seva ya majaribio, saa za usiku, akiwa amechoka, anajua kwamba lingeweza kumpata yeye.

Hata hivyo, jambo la kujifunza limo katika yale yaliyofuata. Walikuwa na njia kadhaa za kunakili. Walipozigeukia, waliona kwamba amri ya pg_dump, iliyopaswa kutoa nakala kila siku, ilikuwa ikitumia toleo la 9.2 dhidi ya hifadhidata ya toleo la 9.6, nayo pg_dump hukataa kunakili hifadhidata iliyo ya toleo jipya kuliko yenyewe. Ilikuwa ikishindwa kila siku. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilitumwa, lakini zilikataliwa mlangoni kwa sababu hazikuwa na saini iliyotakiwa na mfumo wa kupokea barua, kwa hiyo hakuna aliyeziona. Ghala la mbali ambako nakala zilipaswa kulala lilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya hali yote ya diski kwa wakati mmoja, ambayo mhandisi alikuwa ameipiga kwa mkono karibu saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Kuirejesha kuliwachukua takriban saa 18, kwa kuwa diski za mashine ya majaribio zilikuwa za polepole, na kazi yote iliyoingizwa kwenye hifadhidata ndani ya zile saa sita ilipotea, ikiwemo miradi kama 5,000 na akaunti mpya kama 700. Walipojiuliza kwa nini utaratibu wa nakala haukuwa ukijaribiwa, jibu lao lilikuwa kwamba haukuwa na mwenyewe. Hakuna mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Naomba jibu hilo tulitafakari sisi tunaotoka kwenye taasisi ndogo, ambako msimamizi wa seva ndiye huyo huyo anayebadilisha wino wa printa na kufundisha wafanyakazi wapya. Kampuni ya wataalamu ilikosa mwenye kazi ya kujaribu kurejesha. Sisi tusidhani kwamba kazi hiyo itajifanya yenyewe.

Sasa niwaeleze skripti ya kurejesha inafanyaje kazi, kwa namna ninavyoiandika mimi. Huanza kwa kusoma jina la mashine ambako imeitwa, na jina hilo likiwa la seva ya kazi, hukataa kuendelea. Kinga hii haigharimu chochote, na ndiyo iliyokosekana katika kisa nilichokieleza. Kisha huchukua nakala ya karibuni kutoka ghalani, huilinganisha na alama yake ya sha256sum, yaani namba ndefu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, iliyohifadhiwa siku ya kunakili, huifungua, na kuipakia kwenye hifadhidata yenye jina jingine, kamwe si juu ya ile inayotumika. Hapa upo mtego unaofanana na ule wa bomba: psql, programu ya kuipa amri hifadhidata ya PostgreSQL, inapopakia faili la amri za hifadhidata na kukutana na kosa, huliandika kosa hilo, huendelea na mstari unaofuata, na mwishoni huacha sifuri kana kwamba mambo yote ni shwari. Ni lazima iambiwe wazi, kwa kuweka ON_ERROR_STOP kuwa 1, kwamba kosa la kwanza liwe la mwisho.

Baada ya kupakia, skripti huuliza maswali ambayo mwenye data angeuliza. Je, jedwali la wanachama lina watu wangapi, na idadi hiyo inakaribiana na ya jana? Rekodi ya mwisho kuandikwa ni ya lini? Salio la jumla linalingana na lile lililomo kwenye taarifa ya mhasibu? Ndiyo maana nimefurahi kuwaona wahasibu hapa, kwa maana mimi naweza kusema kwamba faili limefunguka, lakini ninyi ndio mnaoweza kusema kwamba kilichomo ni kweli. Mwisho kabisa huandika imechukua dakika ngapi tangu ilipoanza, na namba hiyo ndiyo ninayoipeleka kwa uongozi wanapouliza tutakaa bila huduma kwa muda gani.

Mtakapoijaribu skripti hiyo kwenye mashine tupu kabisa, mtagundua mambo ambayo hakuna kitabu kingewakumbusha kwa wakati. Mtaambiwa kwamba mmiliki wa jedwali hayupo, kwa sababu pg_dump huchukua hifadhidata moja tu, na watumiaji wa PostgreSQL ni wa seva nzima, nao huchukuliwa kwa amri nyingine ya pg_dumpall yenye chaguo la --globals-only. Mtagundua kwamba mipangilio ya seva ya tovuti iliyoko ndani ya /etc haikunakiliwa na mtu yeyote. Mtagundua kwamba ratiba yenyewe ya cron, iliyokuwa ikiita skripti zote hizi, ilikuwa imelala kwenye diski ile ile ambayo tunajifanya imekufa. Kila pengo mtakaloligundua kwa njia hii ni mstari mmoja wa kuongeza kwenye skripti ya kunakili, na ndivyo skripti hiyo inavyopaswa kuzaliwa: kutokana na yale ambayo kurejesha kumeyadai.

Kuhusu skripti ya kunakili nitakuwa mfupi. Iandike kwanza kwenye faili la muda, kisha ilibadilishe jina kwa mv likishakamilika, ili faili lililokatika nusu lisije likaonekana kuwa zima. Itumie flock ili isianze mara ya pili kabla ya mara ya kwanza kumalizika. Nywila isiandikwe ndani yake. Ikae kwenye faili la pembeni linalosomwa na mtumiaji mmoja tu, na mahali pamoja ambapo anayeibadilisha atalazimika kupaona.

Cron, hata hivyo, inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo imewaangusha vijana wengi niliowafundisha. Skripti inayofanya kazi vizuri ukiiita kwa mkono inaweza kushindwa ikiitwa na cron, kwa kuwa cron huipa orodha fupi sana ya mahali pa kutafuta amri; andikeni njia kamili ya kila amri au wekeni PATH wenyewe. Alama ya asilimia ndani ya mstari wa crontab, yaani faili la ratiba ya cron, hugeuzwa kuwa mwanzo wa mstari mpya, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwa date +%F pale pale itavunja amri yote isipotanguliwa na mkwaju wa nyuma (\). Halafu iko saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, cron inahesabu kuanzia usiku wa manane, na seva nyingi tunazokodi huwekwa kwenye saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko saa tatu nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Kijana aliyetaka nakala ichukuliwe saa nane usiku akaandika 8, nakala ikawa inaanza saa tano asubuhi, foleni ya wateja ikiwa mlangoni na seva ikihema. Aliyejua kidogo zaidi akaandika 2, ikaanza saa kumi na moja alfajiri. Jibu sahihi kwa seva hiyo lilikuwa 23, na siku ya juma nayo irudishwe nyuma kwa moja kama ratiba ni ya wiki. Andikeni maelezo juu ya kila mstari wa crontab kwa saa zetu wenyewe, ili anayefuata asilazimike kukisia.

Nilisema nitarudi kwenye taarifa ya kushindwa. Barua pepe inayotumwa mambo yanapoharibika ina udhaifu kwamba mambo yakiharibika sana, hata barua haitumwi, nasi tunausoma ukimya kuwa ni amani. Mimi huuweka ukaguzi kwenye mashine ya pili, isiyohusika na kunakili. Kila asubuhi mashine hiyo hutumia find kutafuta faili lenye umri usiozidi saa 26, hulinganisha ukubwa wake na la jana, na ikikosa faili, au ikikuta limepungua kupita kiasi tulichokubaliana, hupiga kelele kwenye simu za watu wawili. Saa 26, badala ya 24, ni kwa ajili ya siku ambazo kunakili kumechelewa kidogo. Mashine inayopiga kelele bila sababu huzoeleka, na iliyozoeleka haisikiki.

Nakala zikae wapi? Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vihifadhio vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, nami sijaona sababu ya kuiacha. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud lililoko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wapo wateja ambao nakala zao zilikuwa zimewekwa pale pale palipoungua. Lakini kwetu umbali nao una gharama yake. Gigabaiti 500 zikivutwa kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, hata laini hiyo isipotetereka, huchukua zaidi ya saa 55, na laini zetu hutetereka: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Taasisi ambayo nakala yake ya pekee iko Ulaya ingelazimika siku hiyo kungoja meli ya kutengeneza nyaya. Wekeni nakala moja mbali, ndiyo, lakini nyingine iwe mahali ambapo mtu anaweza kuifuata kwa pikipiki.

Lipo tena jambo la nani anamfikia nani. Wengi huiwezesha seva ya kazi kuandika kwenye ghala la nakala, mara nyingi kwa rsync, programu ya kunakili mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine, yenye chaguo la --delete, ambalo hufuta upande wa pili kila kilichofutwa upande wa kwanza. Ghala la namna hiyo ni kioo tu cha seva, na kioo hakiwezi kuitwa nakala rudufu, kwa kuwa aliyefuta kwa bahati mbaya saa tatu atakuta saa nne na kioo kimefuta. Na mhalifu anayeingia kwenye seva ya kazi ili afunge data kwa siri na kudai fedha, akikuta funguo za ghala humo humo, ataanza na ghala. Mimi hupendelea ghala ndilo livute, seva ya kazi isijue hata nywila yake, na matoleo ya siku nyingi yatunzwe kwa chaguo la rsync la --link-dest, ambalo hufanya mafaili yasiyobadilika yasichukue nafasi mara mbili.

Nakala inayotoka nje ya jengo lazima ifungwe kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinatudai ulinzi wa taarifa za watu popote zilipo, na diski iliyomo kwenye mfuko wa mtu ndani ya basi ni mahali pia. Zipo programu za kunakili zinazofunga: restic hufunga yenyewe, na borg hufunga ikiambiwa hivyo ghala lake linapoundwa. Ila ufunguo ukipotea, hakuna wa kuufungua mlango huo, hata waliotengeneza programu. Chapeni ufunguo kwenye karatasi, utieni ndani ya bahasha, bahasha iwekwe kwenye kasha la fedha la taasisi, na watu wawili wajue kwamba iko pale.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekaribia kwisha, na sehemu iliyobaki si ya kusikiliza. Baada ya chai, kila meza itapewa mashine moja tupu, faili la nakala la hifadhidata ya chama cha akiba na mikopo cha kubuni, na karatasi yenye idadi ya wanachama na salio la mwisho. Baadhi ya nakala hizo ni nzima, na nyingine nimeziharibu kwa makusudi. Sitasema ni za meza zipi. Wasimamizi wataandika amri, wahasibu watakagua namba, na nitaanza kuhesabu dakika mara tu watu wote watakapokuwa wameketi.